Saa Ndani ya Seli Moja

Toleo hili linahusu saa ya mwili, na msimamo wetu ni kwamba uwezo wa kupima siku umo ndani ya seli moja. Hauhitaji ubongo mzima. Ushahidi ulio bayana zaidi umetoka kwenye macho ya konokono wa baharini. Mwaka 1969 Jon Jacklet alionyesha kwamba jicho la Aplysia, likishakatwa na kuwekwa gizani, huendelea kutuma mipigo ya umeme kwenye neva yake kwa mdundo wa takriban saa 24. Je, mdundo huo ulikuwa kazi ya seli nyingi zikishirikiana? Mwaka 1993 Stephan Michel, Gene Block na wenzao walijibu kwa kumtumia Bulla, konokono wa pwani ya California. Walichukua seli za neva zilizo chini ya retina yake, wakazitenga mojamoja, wakapima jinsi utando wa kila seli unavyopitisha umeme. Kipimo hicho kilipanda usiku na kushuka mchana, siku baada ya siku, ingawa seli haikuwa na jirani wa kuiongoza.

Watakuwapo wasemao kwamba seli iliyotengwa imejeruhiwa, kwa hiyo haiaminiki. Lakini jeraha hudhoofisha mdundo au huuua. Haliwezi kuzusha mzunguko wa siku nzima. Pingamizi zito zaidi ni la jeni. Tangu jeni la saa la nzi wa matunda lilipotengwa mwaka 1984, kazi iliyotunukiwa Nobel mwaka 2017, wengi huona umeme wa utando kuwa matokeo tu ya saa. Hatukatai nafasi ya jeni: hata kwenye jicho la Aplysia, dawa inayozuia utengenezaji wa protini huisogeza saa. Ila kwa Bulla, mwanga huamsha utando na kalsiamu huingia. Kalsiamu ikiondolewa majini, mwanga hushindwa kuirekebisha saa. Utando, basi, ndio mlango ambao siku ya nje hupitia kuifikia saa ya ndani.

Wala haya si mambo ya konokono peke yao. Mwaka 1995 ilibainika kwamba seli za saa za ubongo wa panya, zikiwa kwenye chombo kimoja, kila moja hufuata majira yake. Kazi ya ubongo ni kuzilinganisha. Kwa hiyo anayetafuta chanzo cha usingizi uliovurugika kwa wafanyakazi wa zamu za usiku achunguze mambo mawili: saa ya kila seli, na mapatano baina ya seli hizo.