Nembo ya Taifa Darasani: Jembe ni Heshima au ni Adhabu?

Miongoni mwa mada ambazo walimu wanafunzi huzidhania nyepesi ni mada ya Nembo ya Taifa. Mwalimu hutundika picha ukutani, huandika ubaoni orodha ya vitu vilivyomo, watoto huikariri orodha hiyo kwa sauti moja, na kipindi kikaisha. Mtihani ujapo, watoto hujaza nafasi zilizoachwa wazi na kupata alama zao. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini njia hiyo haitoshi, na kupendekeza nyingine ambayo mwalimu yeyote wa Bonde la Kilombero aweza kuifuata bila gharama.

Tuanze na jambo lililotufungua macho. Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi isiyo mbali na Ifakara, tuliketi nyuma ya darasa tukasikiliza somo la namna hiyo. Mwalimu mwanafunzi alikuwa na sauti nzuri, na andalio lake la somo lilikuwa safi. Mwishoni tuliomba ruhusa ya kuuliza swali moja: jembe lililomo katika nembo lina maana gani? Mtoto mmoja alinyosha mkono, akajibu bila kusita, "Adhabu." Wenzake hawakucheka. Tulipotoka nje tuliona sababu. Watoto watano waliochelewa asubuhi walikuwa wakilima ukingoni mwa uwanja, kila mmoja na jembe lake.

Hatukumlaumu mtoto yule, wala mwalimu wake, maana desturi hiyo aliikuta pale shuleni. Mtoto alikuwa ameisoma alama kama alivyofundishwa kuisoma. Kosa letu walimu ni kudhani kwamba maana ya alama hufundishwa kwa chaki peke yake.

Yafaa basi tukumbuke nembo ni kitu gani. Elimu ya nembo, kwa utaratibu unaofuatwa leo na mataifa mengi, ilianza Ulaya Magharibi katika karne ya 12. Wapiganaji wapanda farasi walivaa kofia za chuma zilizowaficha nyuso, wakawa wanatambuliwa kwa michoro ya ngao zao. Lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Wamasai walichora ngao zao kwa rangi ili shujaa atambulike ni wa kundi gani, na hata leo mfugaji hupiga chapa ng'ombe wake kwa sababu hiyo hiyo.

Elimu hiyo ina kanuni zake, na chache kati yake zamfaa mwalimu. Ngao ndiyo kiini cha nembo. Walioishikilia husimama kando yake, na kaulimbiu huandikwa katika utepe. Upande wa kulia wa ngao ni kulia kwake yeye aibebaye, yaani kushoto kwetu tunaoitazama. Rangi angavu huwekwa juu ya rangi iliyoiva ili mchoro uonekane kwa mbali. Tena, maelezo ya maneno hutangulia mchoro: aliyeelezwa nembo sawasawa aweza kuichora ingawa hajapata kuiona.

Sasa tuitazame nembo yetu. Msingi wake ni nembo ya Tanganyika ya mwaka 1961. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, bendera ya Muungano iliwekwa katika ngao. Juu ya ngao kuna eneo la dhahabu lenye mwenge uwakao, alama ya uhuru na elimu. Chini yake ni bendera, kisha eneo jekundu, yaani udongo wenye rutuba, na chini kabisa mawimbi ya buluu na nyeupe yanayoonyesha bahari na maziwa yetu. Mkuki umesimama kwa ajili ya kuulinda uhuru. Shoka na jembe vimepishana, navyo ni zana za kuijenga nchi. Ngao imesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, imezungukwa na pembe mbili za ndovu. Mwanamume na mwanamke wamezishika pembe hizo, mkarafuu ukiwa miguuni pa mwanamume na mpamba miguuni pa mwanamke. Kaulimbiu ni "Uhuru na Umoja".

Watu wengi huiita nembo hii "Bibi na Bwana", na jina hilo limegusa jambo kubwa. Nembo ya Kenya inashikwa na simba wawili, ya Uganda inashikwa na swala na korongo-taji, ya Uingereza inashikwa na simba na farasi mwenye pembe moja. Hata alama ya Tanganyika wakati wa utawala wa Mwingereza ilikuwa kichwa cha twiga. Yetu inashikwa na watu, mume na mke, wenye zana za mkulima mbele yao.

Mwalimu aifundisheje? Twapendekeza hatua tatu.

Kwanza, aanze na vitu halisi. Jembe na shoka vimo katika kila nyumba, karafuu zinapatikana kwa muuza viungo sokoni, na udongo mwekundu waweza kuletwa katika kopo. Huenda mtoto akasema kwamba udongo wa majaruba yao ni mweusi, si mwekundu. Asinyamazishwe, maana ametoa nafasi ya kufundisha kwamba alama huchagua kitu kimoja kisimame badala ya vingi. Kuhusu mawimbi, mwalimu aanzie mtoni. Mto Kilombero hukutana na Luwegu, ikawa Rufiji, nayo Rufiji huingia Bahari ya Hindi. Mtoto wa Ifakara ambaye hajaiona bahari ataelewa kwamba maji ayachotayo nyumbani ni sehemu ya mawimbi yale. Kuhusu Kilimanjaro yenye meta 5,895, mwalimu aanzie milima ya Udzungwa inayoonekana kutoka bondeni, ndipo aeleze mwenge uliopandishwa kileleni mwa Kilimanjaro wakati wa Uhuru, Desemba 1961.

Pili, nembo ifundishe Kiswahili. Watoto wawili waketi wakipeana mgongo. Mmoja ashike picha na kuieleza, mwingine achore kwa kusikia tu. Hapo maneno kama juu ya, chini ya, kando ya, yamepishana na yameelekeana yatapata kazi, na mwalimu atajua mara moja nani ameelewa.

Tatu, kila darasa libuni nembo yake. Masharti yawe machache: vitu visizidi vinne, rangi zisizidi tatu, kaulimbiu isizidi maneno matatu, na kila kitu kiwe na mtoto wa kukitetea mbele ya wenzake. Bonde hili lina vitu tele vya kuchagua: suke la mpunga, mtumbwi, mkeka, sheshe, reli ya TAZARA, daraja lililoondoa kivuko cha Mto Kilombero. Ila watoto waelezwe kwamba Nembo ya Taifa yenyewe inalindwa na sheria ya mwaka 1971, na haitumiwi ovyo.

Lakini hatua hizi zote zitakuwa bure iwapo jembe litabaki kuwa fimbo ya pili shuleni. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia. Tumelifanya mara nyingi kuwa mahali pa kutubia. Katika bonde hili jambo hilo ni zito zaidi, kwa kuwa msimu wa mpunga familia nyingi huhamia vibandani mashambani, na watoto huamia ndege tangu alfajiri. Mtoto anayelimishwa kwa kosa anaambiwa, bila maneno, kwamba maisha ya baba na mama yake ni adhabu. Vivyo hivyo, wasichana wakiteka maji na kufagia huku wavulana wakicheza mpira, Bibi na Bwana wa ukutani wanakanushwa uani.

Wako watakaouliza: je, watoto wasilime? Walime, tena wote, mwalimu akiwa mstari wa mbele, na mavuno yajulikane yamekwenda wapi. Je, mchelewaji aachwe? La. Aulizwe kwanza atokako, maana pengine ametembea kutoka shamba la mbali. Na kama ni mzembe, abaki kumaliza kazi aliyoikosa. Wengine watasema kwamba muda ni mfupi na mtihani unangoja. Nasi twajibu kwamba mtoto aliyeielewa nembo hatashindwa kujaza nafasi iliyoachwa wazi, ila aliyeikariri hupotewa na yote akisahau neno moja.

Basi, ninyi mtakaokwenda kufundisha mazoezi muhula ujao, kabla hamjaitundika picha ya nembo ukutani, ombeni kuiona orodha ya adhabu za shule. Mkilikuta jembe humo, zungumzeni na mwalimu mkuu kwa adabu, mkamweleze sababu. Huo ndio mwanzo wa somo lenyewe.