Mpiga Ngoma Naye Apewe Kiti Kwenye Basi

Hebu jibu swali hili kabla hujaendelea kusoma. Timu ya Mombasa ikienda kucheza Nairobi wikendi, ni nani huwa wa mwisho kupata kiti kwenye basi la mashabiki? Si mwenyekiti. Si yule jamaa wa kurusha video mitandaoni. Ni kijana mwenye ngoma. Ataambiwa ngoma yake inakula nafasi ya mtu, aiweke kwenye buti pamoja na magunia au ashuke. Akishuka, basi linaondoka na watu wenye sauti kubwa lakini wasio na mdundo. Wakifika Kasarani kila mmoja anaanza wimbo wake, na baada ya dakika ishirini wote kimya, wanakula njugu.

Mimi nasema tumekosea hesabu. Kama kuna mtu mmoja ambaye basi la ugenini halifai kuondoka bila yeye, ni huyo mwenye ngoma. Na nasema zaidi: Likoni, Kisauni na Changamwe kila moja inafaa kuwa na bendi yake ya mtaa inayosafiri na timu, yenye sare, jina na kiti kilicholipiwa.

Najua utasema, "Wewe nawe, timu haina hata viatu, unaleta mambo ya tarumbeta?" Tulia kwanza, tuelewane.

Tazama kinachotokea hapa kwetu. Gor Mahia au AFC Leopards wakija Mbaraki kucheza na Bandari, mgeni ni nani? Ukikaa jukwaani ukafumba macho, waweza kudhani uko Nairobi. Na wale mashabiki wengi hawakutoka mbali. Wamepanda matatu Changamwe, wengine wamevuka feri kutoka Likoni. Ni majirani zetu, wamezaliwa hapa, lakini timu ya baba ndiyo timu ya mtoto. Leopards wanakuja na isukuti, ngoma za Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambazo UNESCO iliziweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Yaani kitu ambacho dunia inaogopa kitapotea, kwao bado kinasafiri na timu na kupigwa uwanjani. Sisi wa Pwani, watu wa sengenya, zumari na chapuo, tunakwenda ugenini na vuvuzela ya plastiki.

Kinachouma ni kwamba huu mchezo sisi ndio tuliouanza. Waulize wazee wako kuhusu beni. Neno lenyewe linatokana na bendi ya Kizungu, lakini ngoma yenyewe ni ya Pwani. Tangu miaka ya 1890 vijana wa miji kama Lamu na Mombasa waliiga magwaride ya kijeshi, wakashona sare, wakapeana vyeo: huyu kingi, huyu jenerali, huyu kapteni. Mombasa ilikuwa na Kingi na Scotchi, vikundi viwili vilivyoshindana kwa mavazi, nyimbo na karamu. Kule Tanga na Dar es Salaam kulikuwa na Marini na Arinoti. Vikundi hivi vilikuwa na matawi katika miji mingi, na mwanachama akifika mji wa ugenini alipokewa na wenzake kama ndugu. Yaani miaka mia moja iliyopita kijana aliyebeba ngoma alikuwa na mwenyeji kila bandari. Leo anakosa kiti hadi Mariakani.

Wakoloni waliwatazama vijana wa beni kwa jicho la pembe, wakishuku kwamba hii si ngoma tu. Kwa namna moja hawakukosea. Kundi la vijana lenye nidhamu, rangi zake na viongozi waliochaguliwa na wenyewe ni kitu kizito kila wakati. Hilo likumbuke, nitalirudia.

Sasa twende Marekani, maana najua ndiko macho yako yaliko. Kama uliona onyesho la Beyoncé la Coachella mwaka 2018, ile bendi ya tarumbeta na ngoma nyuma yake haikutoka hewani. Ni mtindo wa vyuo vya Wamarekani Weusi, ambako bendi husafiri na timu ya chuo kwenye mechi za ule mpira wao wa Kimarekani. Wakati wa mapumziko bendi inaingia uwanjani, na kuna watu wanaokata tiketi kwa ajili ya bendi, mechi baadaye. Bendi ya chuo cha Florida A&M ni maarufu hivi kwamba Ufaransa iliialika Paris mwaka 1989 kwenye gwaride la miaka 200 ya mapinduzi yake. Hawa ni wanafunzi, wana mwalimu, wana stoo ya vyombo, wana mabasi yao. Safari ya bendi inaingia kwenye bajeti mapema.

Lakini nisikuuzie ndoto. Bendi hiyo hiyo, Novemba 2011, baada ya mechi mjini Orlando, mwanabendi mmoja alifariki kwa kupigwa na wenzake ndani ya basi, eti ni mila ya kupimana uanaume. Bendi ilisimamishwa hadi 2013 na kiongozi wake akaondoka. Kwa hiyo tunapoiga, tuige kwa akili. Basi la ugenini ni mahali pa hatari likikosa mtu mzima mwenye sauti. Vijana wengi, safari ndefu, usiku, na kila mtu anataka kuonekana ngangari. Wewe uliyewahi kusafiri na mashabiki unajua nazungumzia nini, hasa kama wewe ni msichana.

Tofauti nyingine: wao bendi ni ya chuo. Sisi tukisubiri chuo, tutasubiri sana. Vijana wengi wa bara hii ya Mombasa hawako chuoni. Mimi mwenyewe chuo nilikiacha njiani, na maskani yetu ina watu wengi kama mimi, wenye akili na muda, wasio na pa kuupeleka. Kwa hivyo bendi ya Kisauni iwe ya Kisauni: mwanafunzi wa TUM aingie, fundi wa bodaboda aingie, dada anayeuza viazi karai jioni aingie. Sifa ziwe mbili tu, unaweza kushika mdundo na unafika mazoezini.

Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Ukitaja Kisauni au Likoni kwa mtu wa Nairobi, kitu cha kwanza kinachomjia ni vijana wa mapanga. Inaudhi, lakini hatuwezi kujifanya hatujui inatoka wapi. Tumezika watu. Tumefunga maduka mapema. Sasa jiulize, lile genge linampa nini kijana wa miaka kumi na sita? Linampa jina, wenzake wa kumtetea, mtaa wa kuuwakilisha na adui wa kumshinda. Hakuna hata kimoja hapo ambacho bendi haiwezi kumpa, tena bila damu. Kingi na Scotchi walikuwa mahasimu kwelikweli, lakini walipigana kwa nyimbo na sare. Sisemi ngoma itamaliza uhalifu. Uhalifu una njaa ndani yake, na ngoma haijazi sufuria. Nasema kijana ambaye Jumamosi ana safari, ana sare imepigwa pasi na ana watu wanaomsubiri, ana sababu moja zaidi ya kukataa akiitwa kwingine.

Kuna watu wanaolijua hili vizuri kuliko sisi: wanasiasa. Ukifika msimu wa kampeni, hukosi kuona lori limejaa ngoma, spika na vijana wamevaa fulana mpya. Hakuna anayesema ngoma inakula nafasi. Mafuta yapo, chakula kipo, na kijana anapewa cha mkononi. Kura zikishahesabiwa, kijana yule yule akiomba nauli aende kuishangilia timu ya mji wake, anaambiwa pesa hakuna. Basi tusidanganyane kwamba hatujui kusafirisha ngoma. Tunajua sana. Tumechagua tu ni ngoma ya nani.

Tuzungumze pesa, maana bila pesa haya ni maneno ya barazani. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ya treni ya SGR kutoka Miritini hadi Nairobi ni Sh1,500. Watu 20, kwenda na kurudi, ni Sh60,000. Si pesa kidogo kwa mtu wa kawaida. Lakini kwa kampuni inayoweka jina lake kwenye kila ukuta wa mtaa? Kwa kaunti? Kwa mbunge mwenye mfuko wa eneo? Jina lake likae kwenye ngozi ya ngoma kubwa, lionekane kwenye runinga kila kamera ikigeukia jukwaa. Hilo ni tangazo la bei nafuu. Na si lazima tuanze na Nairobi. Anza na mechi ya Ukunda au Kilifi, nauli ya matatu tu. Kutoka Likoni, feri kwa mtu wa miguu ni bure, na ngoma begani haina tiketi.

Tena bendi si lazima iombe kila siku. Dar es Salaam, matarumbeta ni kazi. Bibi harusi anasindikizwa nayo, duka likifunguliwa yanaitwa. Kundi lenye vyombo na sare linaweza kulipwa Alhamisi na Ijumaa kwenye sherehe, likatumia sehemu ya mapato kusafiri na timu Jumamosi. Sisi hapa harusi tunazo kila wiki, na wengi wanakodi spika la kelele tu.

Sasa mwanangu mwenye ngoma, na wewe usinune, nina neno lako. Ukitaka kiti, kistahili. Basi likisema saa kumi alfajiri, uwe hapo saa kumi kasorobo. Usipande ukiwa umelewa wala umebugia muguka hadi macho yamekutoka. Dada akiingia kwenye bendi, asiwe wa kuchezeshwa kiuno mbele ya kamera tu. Mpe fimbo apige, na kwenye basi asiguswe. Mgeni mpya asipigwe wala kudhalilishwa kwa jina la mila. Tukipita karibu na msikiti adhana inaadhiniwa, ngoma inanyamaza. Hilo mtoto wa Mombasa hafundishwi. Na tukifungwa, tunapiga hadi filimbi ya mwisho halafu tunafunga vyombo. Mawe hayamo kwenye orodha ya vyombo.

Kuna atakayesema mechi haishindwi na ngoma. Kweli. Mombasa ilitwaa ligi ya taifa mara moja tu, kupitia Feisal mwaka 1965. Bandari ilimaliza ya pili mwaka 2018, ikamaliza ya pili tena msimu uliofuata. Siwezi kukuambia ngoma ndizo zingeleta kombe. Mabao huletwa na washambuliaji. Lakini mchezaji aliyetoka Mtongwe au Magongo, akiwa dakika ya 80 kwenye uwanja wa watu wengine zaidi ya kilomita 480 kutoka kwao, miguu imeisha, akasikia sengenya inapigwa upande ule, anajua kuna watu waliotoka nyumbani kwa ajili yake. Hilo silo jambo dogo. Wewe mwenyewe ukiwa ugenini, ukasikia mtu anaongea kama wa kwenu, si huwa unageuka?

AFCON ya 2027 imepangwa kufanyika Kenya, Tanzania na Uganda. Mashabiki wa Afrika nzima watakuja na bendi zao, maana Wasenegali na Waivori hawasafiri kimya. Tukitaka Pwani nayo isikike, kikundi hakiundwi wiki moja kabla. Mdundo unataka miezi. Watu kuzoeana kunataka miezi zaidi.

Kwa hivyo naomba mambo matatu, na naomba kwa watu tofauti. Viongozi wa mashabiki: orodha ya safari ijayo ianze na wapiga ngoma, wengine wajaze viti vilivyobaki. Wenye pesa mjini: chagueni kikundi kimoja cha mtaa, lipeni nauli ya msimu mzima, muone. Na wewe unayesoma haya kwenye simu ukiwa umekaa maskani: yule kijana wa nyuma ya nyumba anayegonga jerikeni kila jioni na mnamtukana kwa kelele, leo muulize anaweza kupiga nini kingine. Halafu mtafutieni ngoma.