Tusimwache Fundi wa Chokaa Atoweke

Asafiriye kutoka Tanga kwenda Pangani hupita Tongoni, yalipo magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Vyumba vya msikiti huo ni vyembamba, kama yalivyo majengo mengi ya kale ya pwani. Sababu yake ni boriti. Mti wa mkoko hauwezi kubeba dari ya mawe na chokaa kwa upana unaozidi mita 3 hivi. Mti, basi, ndio uliompangia mwashi ukubwa wa chumba.

Huko Kilwa Kisiwani waashi walikivuka kizuizi hicho. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, jumba la enzi lenye vyumba zaidi ya 100, akaupanua pia Msikiti Mkuu na kuuwekea kuba. Kuba halihitaji boriti. Kila jiwe huegemea jirani yake, na uzito wote huteremka kwenye ukingo, ukizisukuma kuta upande wa nje. Kwa hiyo kuta hazina budi kuwa nene. Upanuzi huo uliporomoka baadaye. Waashi hawakukata tamaa, bali waliujenga upya katika karne ya 15.

Kiungo cha kazi hiyo yote kilikuwa chokaa. Matumbawe yakichomwa kwa moto mkali hutoa hewa ya ukaa. Chokaa ikisha kuzimuliwa kwa maji na kutiwa ukutani, huirudisha hewa hiyo polepole na kugeuka jiwe tena. Jiwe hilo hupitisha unyevu, nao ukuta hupumua.

Saruji haifanyi hivyo. Ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe, huufungia ndani unyevu na chumvi ya bahari, na jiwe huliwa taratibu nyuma ya lipu inayopendeza macho. Hata hivyo twaendelea kuzipaka saruji nyumba za kale, tukidhani twaziokoa.

Wako watakaosema kwamba chokaa humaliza matumbawe na mikoko. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini Tanga ina mawe ya chokaa tele nchi kavu, ya jamii ile iliyochongwa na maji ikawa mapango ya Amboni. Hatuna haja ya kuigusa bahari.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Zanzibar lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu 2. Sidai kwamba saruji ndiyo iliyoliangusha. Nasema kwamba jengo la kale lisilotunzwa kwa maarifa huweza kuua. Maboma ya Tanga, Pangani na Bagamoyo yangali yanatungoja. Vyuo vyetu vya ufundi na vifundishe uashi wa chokaa, na maabara zetu zipime michanganyiko yake, wangali hai wazee wanaoijua kazi hiyo kwa mikono yao.