Bustani ya Shule Hupimwa Agosti

Kila mwaka, mvua za masika zinapotua juu ya vilima vya Kigali, bustani za shule za msingi hupendeza. Vishamba vya matuta ya mviringo yaliyoinuliwa, ambavyo kwa Kinyarwanda huitwa akarima k'igikoni, hujaa dodo, kabichi, karoti na vitunguu, na kando yake husimama miche ya miparachichi. Wageni huja, husifu na kupiga picha. Sisi hatuna ugomvi na sifa hizo. Tunachosema ni kwamba huo ndio wakati usiofaa kabisa kwa kupima bustani, maana mwezi wa Aprili hata fimbo iliyochomekwa huchipua. Bustani ya shule hupimwa Agosti.

Jambo hili linawahusu askari wa jeshi na polisi kuliko inavyodhaniwa. Tangu mwaka 2009 Jeshi la Ulinzi la Rwanda limekuwa likitoka makambini kwenda kwa wananchi kutibu wagonjwa, kujenga nyumba na kulima. Mwaka 2024 jeshi na polisi waliunganisha kazi hizo, wakaanza Machi na kuziendeleza kuelekea sherehe za ukombozi za tarehe 4 Julai. Kalenda hiyo ina mantiki yake, lakini pia ina kasoro moja: kazi huanza pamoja na mvua na kwisha kiangazi kinapoingia. Jembe hurudi ghalani siku zile zile ambazo mche unaanza kutafuta maji. Na shule nazo hufungwa wakati huo huo, mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, hadi Septemba. Hivyo bustani hubaki bila mwanafunzi, bila mwalimu, bila askari na bila mvua. Ikifa, nani wa kulaumiwa?

Hasara yake si ya macho tu. Tangu mwaka wa masomo wa 2021/2022 mpango wa chakula cha mchana shuleni umefikishwa katika shule za msingi, na mwaka 2022 mchango wa mzazi ulipangwa kuwa faranga 975 kwa muhula, sehemu kubwa ya gharama ikibebwa na serikali. Ni mpango wa heshima. Lakini mpishi akibanwa na bei za soko hapunguzi maharage, hupunguza mboga. Nao uchunguzi wa afya wa 2019 na 2020 ulionyesha kwamba watoto 33 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Watoto hao ndio waliomo madarasani hivi leo. Sahani isiyo na jani la kijani, kwao, si jambo la ladha.

Halafu upo udongo. Kigali ni mji wa miteremko; maji ya paa la shule, yasipokingwa, huteremka hadi Nyabugogo na kisha Nyabarongo, mto ambao rangi yake ya matope inaeleza yenyewe kinachoondoka mashambani. Mwezi wa Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini yaliua watu zaidi ya 130. Matuta machache ya shule hayazuii maafa ya namna hiyo, na anayedai hivyo anapiga porojo. Walakini mtoto aliyechimba mtaro kwa kufuata mkingamo wa mteremko, akaona maji yakitulia badala ya kukimbia, amejifunza kitu ambacho ubao haufundishi.

Na maji hayo hayo ndiyo dawa ya Agosti. Tufanye hesabu. Kigali hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa, hutoa lita moja. Paa la mita za mraba 200, hata nusu ya maji yakipotea njiani, hukusanya lita 100,000. Bustani ya mita za mraba 50, ikinyweshwa lita 4 kwa kila mita kwa siku, hutumia lita 200. Kwa hiyo tangi la lita 10,000 lililojaa mwezi wa Mei litaihudumia kwa siku 50. Matuta yakifunikwa kwa matandazo ya nyasi kavu, likizo karibu yote imevukwa. Kinachokosekana, mara nyingi, si mvua bali ni mfereji wa bati, tangi, na mtu wa zamu.

Hapa ndipo tunapoona nafasi ya kombania au kituo cha polisi kilicho jirani na shule. Askari wanajua kujenga kwa haraka, na wanajua zamu. Badala ya kupanda miche mingi katika siku moja, afadhali wafunge mfereji na kuweka tangi, kisha waandike orodha ya likizo pamoja na wazazi wa mtaa: nani Jumatatu, nani Alhamisi. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unaweza kuzoa matandazo ya Julai na Agosti.

Lakini wasilime kwa niaba ya watoto. Wala wasiruhusu jembe kuwa adhabu. Kila aliyepitia fatiki anakumbuka alivyoichukia kazi aliyopewa kwa kosa, hata kama ilikuwa kazi njema. Mtoto anayepalilia kwa sababu amechelewa atakua akiamini kwamba kilimo ni jela. Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka wanafunzi wenyewe washiriki kuamua juu ya shamba lao na mapato yake. Shule nyingi zilishika jembe zikasahau uamuzi, na shamba likawa la walimu. Kigali haina haja ya kurudia safari hiyo. Darasa la tano lipange nini kipandwe, na lijue kilipopelekwa kilichovunwa.

Limebaki jambo dogo ambalo huharibu makubwa. Ufunguo wa tangi usiachwe katika ofisi itakayofungwa hadi Septemba. Awe nao mlinzi wa shule, na wa pili awe nao mzazi aliye karibu zaidi na lango.