Ujira wa Mama Usipunjwe kwa Sababu ya Mtoto



Mtume Yakobo aliwaonya matajiri wa zama zake kwamba ujira waliowanyima wavunaji wa mashamba yao unalia, na kwamba kilio hicho kimemfikia Bwana. Tusikiapo onyo hilo kanisani, fikra zetu humwendea bwana shamba dhalimu aliyeishi zamani na mbali. Leo twapenda kuzungumzia ujira unaopunguzwa karibu nasi, pole pole na bila kelele: ujira wa mama aliyeajiriwa.

Wapo watakaosema kwamba dhuluma hiyo haipo Tanzania, kwa kuwa ngazi za mishahara hazitaji mume wala mke. Ni kweli, hazitaji. Lakini tuwafikirie walimu wawili, mwanamume na mwanamke, waliohitimu chuo kimoja na kuajiriwa siku moja katika shule moja ya binafsi. Mwezi wa kwanza mishahara yao inalingana. Mwaka wa tatu yule mwanamke anajifungua. Arudipo kutoka likizo anakuta masomo ya ziada ya jioni, yenye posho, amepewa mwingine. Na hata angerudishiwa asingeweza kubaki, maana mtoto anamngoja. Nafasi ya mtaaluma ilitokea akiwa likizo, ikapewa mwenzake. Semina hapelekwi, kwa kuwa ana mtoto mchanga. Baada ya miaka kumi wawili hao hawalingani tena, ingawa hakuna aliyetamka hata siku moja kwamba mwanamke alipwe pungufu. Na kwa kuwa michango ya hifadhi ya jamii hukatwa kwa kadiri ya mshahara, upungufu huo utamfuata hadi uzeeni.

Haya wataalamu nao wameyaona. Mwaka 2023 Profesa Claudia Goldin wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wake juu ya wanawake katika soko la ajira. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya kipato iliyosalia siku hizi iko baina ya watu wa kazi ile ile, na kwamba huzuka hasa azaliwapo mtoto wa kwanza. Utafiti wake ulihusu Marekani, lakini nani kati yetu hajapata kumwona mwalimu au muuguzi wa aina hiyo katika mtaa wake?

Serikali yetu haikukaa kimya. Mwaka 2002 Tanzania iliridhia Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unaodai ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Lakini mama ambaye mtoto wake yuko umbali wa daladala mbili, saa hizo humwishia njiani. Na kwa kuwa haki ya likizo yenye malipo humfikia aliyetimiza miezi sita kazini, mkataba mfupi waweza kumwacha mama nje ya mlango.

Mwajiri naye ana hoja yake, nayo tuisikilize. Atasema: namlipa aliye likizoni, kisha namlipa anayemshikia nafasi. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mwenye shule ndogo au duka. Ndiyo maana Mkataba namba 183 wa mwaka 2000 waelekeza kwamba mafao ya uzazi yatokane na bima ya jamii au fedha za umma, ili mzigo usimwelemee mwajiri mmoja mmoja. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakusema gharama yake aibebe mama peke yake. Mtoto huyo kesho atakuwa mlipa kodi wa taifa zima.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili hayana utata. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipangwe kwa namna ambayo mwanamke hatalazimika kununua maendeleo yake kwa hasara ya familia. Katika barua yake kwa wanawake ya mwaka 1995 alidai malipo sawa kwa kazi sawa na ulinzi kwa mama wafanyakazi.

Basi tuanze na nyumba yetu wenyewe. Kanisa ni mwajiri: lina shule, zahanati, hospitali na hosteli. Mara nyingi twawaambia watumishi wa taasisi hizo kwamba kazi yao ni utume. Ni utume kweli, lakini utume haufuti deni la mshahara. Kila halmashauri ya parokia iulize: katika taasisi zetu, mama aliyejifungua alirudi kwenye nafasi ile ile? Posho yake ilirudi pamoja naye? Michango yake imepelekwa? Na sisi tulio na wasichana wa kazi majumbani tujiulize vivyo hivyo, maana wengi wao wamewaacha watoto wao kijijini kwa bibi ili walee wa kwetu.

Kwa mama aliyeachishwa kazi isivyo halali twasema: usikae kimya. Muda wa kupeleka shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni siku 30 tu.

Mwezi wa Mei huanza na kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, nao ni mwezi wa Bikira Maria. Mfanyakazi na mama waliishi chini ya paa moja kule Nazareti. Tusiwatenganishe kwenye orodha ya mishahara.