Waraka kwa wanaume wenzangu tulioumia uti wa mgongo

Ndugu wanachama wa Musoma, Bunda na Butiama,

Kwenye vikao vyetu tunajadili vitimwendo, vidonda, mipira ya mkojo na ile mikopo ya halmashauri itokayo kwenye fungu la asilimia 2 la wenye ulemavu. Jambo la kitandani hatuligusi, na ndilo linalotukosesha usingizi.

Kifusi kiliponiangukia machimboni, nilitoka hospitali nikijua kujigeuza kila baada ya saa mbili. Kuhusu mke wangu sikuambiwa neno. Miezi saba nililala nimeelekea ukutani. Mama watoto alidhani nimemchoka, nami nilidhani ananivumilia kwa sababu ya ng'ombe niliowatoa kwao. Usiku mmoja alikuwa ananibadilisha mpira, mwili ukaamka wenyewe. Tukatazamana. Yeye alicheka, mimi nikalia.

Baadaye daktari alinieleza. Mguso una njia yake fupi chini kabisa ya uti wa mgongo, haungoji amri ya ubongo. Ndiyo maana wengi walioumia shingoni au kifuani husimamisha kwa kuguswa, hata kama mawazo peke yake hayawasisimui. Walioumia chini zaidi mara nyingi huikosa njia hiyo. Kumwaga ni kugumu zaidi kwa wengi wetu, lakini wapo wanaopata watoto, wengine kwa msaada wa wataalamu. Na raha haikai sehemu moja: shingo, masikio, ile ngozi pale ganzi inapoanzia. Jaribuni pamoja, taratibu.

Mtaani wanasema jogoo wetu hapandi mtungi, nasi kwa aibu tunakimbilia vumbi la Kongo. Ndugu zangu, acheni. Hujui kilichomo. Dawa ya sildenafil huwasaidia wengi wetu, ila iandikwe na daktari. Ikikutana na dawa za moyo za nitreti inaweza kuua. Uume ukisimama zaidi ya saa nne, wahi hospitali.

Wewe ambaye ganzi yako inaanzia chembe cha moyo au juu zaidi, kichwa kikianza kugonga na uso kutoa jasho katikati ya tendo, acha papo hapo. Kaa wima, hakikisha mkojo unatoka. Hali isipotulia, nenda hospitali bila kuchelewa, maana presha inaweza kupanda hadi kupasua mishipa ya ubongo. Toa mkojo kabla ya kuanza, na ukimaliza mwombe mwenzako aangalie ngozi ya makalio.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua, katika ibara ya 23, haki yetu ya kuoa na kuzaa. Kwa hiyo ukifika kliniki, Kwangwa au Bunda, uliza bila kuinamisha kichwa.

Kikao kijacho wanaume tubaki nusu saa tuzungumze. Lakini usingoje kikao: leo, kabla taa haijazimwa, mgeukie mkeo umwambie unachokiogopa.

Mwanachama mwenzenu,
Butiama