Sindimba nayo ipate Saida wake



Nami nina dukuduku langu kuhusu nyimbo zetu za Kusini.

Mwaka 2001 Saida Karoli wa Bukoba alitoa albamu ya "Maria Salome", ambayo wengi tuliiita "Chambua Kama Karanga". Aliimba Kihaya kwa mahadhi ya kwao, ala za studio zikimfuata. Huku Mtwara, pembe nyingine kabisa ya nchi, maneno mengi hatukuyaelewa lakini tuliyaimba. Watu wa korosho tukawa tunachambua karanga! Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia wimbo huo kwa mtindo wao, na vijana wakaupokea upya.

Je, sindimba yetu ina kosa gani? Nchi nzima inaijua, maana kikundi cha ngoma cha taifa kiliicheza tangu miaka ya 1960. Lakini inajulikana kwa viuno tu. Maneno wanayoimba mama zetu kwa Kimakonde, kutoka Msimbati hadi Kilambo penye Ruvuma, nani anayajua?

Nilimsikia mwenye studio mmoja akimwambia binti wa hapa kwamba Kimakonde hakiuzi. Wengine husema nyimbo za kikabila zitatugawa. Mbona Kihaya hakikutugawa?

Naiomba TBC, iliyorithi kanda za RTD, ije iwarekodi akina mama hawa wangali hai, gitaa liwepo lakini lisifunike ngoma. Majina yao yaandikwe, na malipo wapewe wao wenyewe.

Mpenda Ngoma,
Mikindani, Mtwara.